Spika na amplifaya za mtumba: nianze na ipi?

Kwenye muziki wa mtumba, kitu chenye mambo machache ndani ndicho kinachozeeka vizuri. Kwa hiyo namba moja naipa spika za boksi, zile za kuunga kwa waya tu. Kwanza bonyeza ukingo unaoshika koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika. Ukiwa mpira, poa. Ukiwa sponji, na hasa kwa joto na unyevu wetu wa Pwani, mara nyingi utakuta imeanza kumeguka kama biskuti. Fundi anaweza kuibadilisha, lakini gharama hiyo ishuke kwenye bei. Kisha tandaza vidole, sukuma koni taratibu. Ikikwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imeungua au imepinda, iache hapo hapo. Mwenye mita ya umeme apime ukinzani: spika nzima iliyoandikwa omu 8 husoma kama 6 hivi.

Namba mbili ni amplifaya za Kijapani: Sansui, Pioneer, Yamaha, Technics. Hapa ndipo watu wengi wanalia, mimi nikiwemo. Geuza mashine usome nyuma kabla hata ya kuuliza bei. Japani wanatumia volti 100, sisi Tanzania 230. Yangu niliichomeka ukutani bila kusoma. Moshi ulitoka kabla sijaunga spika, na ile transfoma ndiyo ilikuwa roho ya mashine. Iliyotengenezwa kwa soko la nje mara nyingi huwa na swichi ya kuchagua volti. Isiyo nayo, na nyuma imeandikwa 100, inahitaji transfoma ya kushusha umeme, basi ihesabu kwenye bajeti. Na kama ina redio, jua kwamba FM ya Kijapani huanzia 76, na za zamani huishia 90. Stesheni zetu nyingi hutazipata.

Nenda na simu yako na waya wake, upige wimbo unaoujua vizuri. Volyumu ikikwaruza unapoizungusha, ni vumbi, linasafishika. Mvumo mzito unaosikika hata sauti ikiwa sifuri ndio mbaya, mara nyingi kapasita (vile vikopo vya kutunza chaji ndani) zimechoka. Upande mmoja ukiwa kimya, badilishana waya za spika: kimya kikihamia spika ya pili, tatizo liko kwenye amplifaya au waya wa simu.

Tatu, mashine ya santuri, kwa mwenye santuri nyumbani tu. Technics SL-1200, iliyotoka 1972, haina mkanda wa kulegea, mota inazungusha sahani moja kwa moja. Hata hivyo weka pesa ya sindano mpya, maana sindano iliyochakaa inakula santuri.

Sabufa za USB za mtumba naziweka chini. Bodi ikifa, kuipata nyingine ni shida, na zile wati elfu kadhaa za PMPO (namba ya kutia chumvi) zilizoandikwa kwenye boksi hazikwambii kitu, tafuta RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo.

Mwisho kabisa ni spika za bluetooth. Betri yake imeshachoka kwa mwenyewe wa kwanza, na dukani muuzaji atakuonyesha ikiwa kwenye chaja. Hizo nunua mpya.