Kalamu ya kuchochea neva: msaidizi mzuri, kiongozi mbovu

Kifaa hiki hugusishwa neva wakati wa upasuaji, ili msuli unaoendeshwa na neva hiyo ucheze. Chenyewe ni kidogo: kalamu ya plastiki yenye betri, ncha ya waya, taa, na sindano ya kukamilisha mzunguko inayochomwa kwenye nyama kando ya jeraha. Hatua ni tatu: miliampea (mA) 0.5, 1 na 2. Kwa thieta (vyumba vya upasuaji) za Mwanza betri ni sababu tosha ya kukinunua. Umeme ukikatika, chenyewe kinaendelea.

Tatizo ni wanaokitumia kutafuta neva. Neva hutafutwa kwa alama za mwili. Kwenye tezi ya parotidi, tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, fuata gegedu ya sikio mpaka ncha yake. Shina la neva ya uso liko kama sentimita 1 ndani na chini kidogo. Hakikisha kwa mshono, yaani mpaka, ulio kati ya mfupa wa tundu la sikio na mastoidi, mfupa wa nyuma ya sikio: neva iko milimita 6 hadi 8 kwenda ndani. Msuli wa digastriki, unaotoka mastoidi kwenda chini ya taya, unakuonyesha kina. Ukiona uzi mweupe, ndipo uuguse kwa 0.5. Kope na mdomo vikicheza pamoja, hilo ni shina. Mdomo peke yake, ni tawi.

Tawi la ukingo wa taya, tawi la neva ya uso linaloendesha mdomo wa chini, ndilo linaloponzwa na haraka, hasa wakati wa kutoa usaha wa jino. Nyuma ya ateri ya uso linaweza kushuka sentimita 1 chini ya mfupa. Watafiti Dingman na Grabb, mwaka 1962, walilikuta chini ya ukingo kwa 19% ya nyuso walizopasua. Kata sentimita 2 chini ya taya, sambamba nayo. Likikatika, mdomo unapinda na chai inachuruzika.

Lawama nyingi kwamba kalamu hii haioni neva ni za bure. Vekuroniamu, dawa ya kulegeza misuli, ikiwa bado mwilini, hata neva isiyo na jeraha haijibu, na mtu huikata akidhani ni utando tu. Elewana mapema na mtu wa usingizi: suksa (dawa ya kulegeza misuli kwa muda mfupi) ya kuwekea mpira wa kupumulia, basi. Lignokaini, dawa ya ganzi, ikimwagwa karibu na neva huleta ububu uleule. Taa isipowaka, angalia sindano kwanza. Mara nyingi imechomoka.

Kalamu ni ya mgonjwa mmoja. Kuiloweka ili irudiwe huua betri, na hapo inadanganya.

Kwa shavu lililokatwa panga, iwahi neva: ncha yake ya mbele, ile ya upande wa misuli, hujibu kwa takriban saa 72, kisha hunyamaza.