Programu ya grama ya Kiingereza, somo la "used to" wamelitendea haki

Nyota 4 kati ya 5. Hawakukaririshi kanuni, wanakumwagia sentensi watu wanavyoongea kweli. "I used to drive at night", huyo zamani alikuwa anaendesha usiku saa hizi kaacha, alafu chini yake "I'm used to driving at night", huyu sasa keshazoea na bado anaendesha, yani ukiziona zimepangwa hivyo huchanganyi tena, na wanakwambia kabisa kwa mambo ya siku hizi tumia "usually". Ila kwenye kukanusha wamezingua, ukiandika "didn't used to" inakupa ekisi nyekundu bila maelezo, wangesema tu "did" ishabeba wakati uliopita ndo maana ile d ya "used" inadondoka inabaki "didn't use to". Sauti ziko poa.