NVDA kwa mwanafunzi asiyeona: programu haina neno, vitini ndivyo vinavyokwamisha

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo vitengo vya wanafunzi wenye mahitaji maalumu vyuoni hurudia mjadala uleule: tununue leseni za JAWS, programu ya kulipia inayomsomea asiyeona skrini, au tuweke NVDA, ya bure inayofanya kazi hiyohiyo? Tuanze na jibu, ili asiye na muda aishie hapa. Wekeni NVDA, na fedha ya leseni ipelekeni kwenye skana nzuri pamoja na mtu wa kukaa nayo.

NVDA husoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini ya Windows, na humwezesha asiyeona kuendesha kompyuta kwa kibodi peke yake. Mwenye kifaa cha nukta nundu anaweza kukiunganisha pia. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha akaungana naye James Teh. Wote wawili hawaoni, na ukiitumia siku mbili tatu utaona kwamba aliyeipanga anaitegemea mwenyewe. Hailipiwi. JAWS isiyo na leseni hufanya kazi dakika 40 kisha hudai uwashe kompyuta upya, na wanaosoma kwa vipande vya dakika 40 wanajijua. JAWS bado ina nafasi kwa programu chache nzito zilizoandikiwa maelekezo yake maalumu, kwa hiyo mwanafunzi wa takwimu aijaribu programu ya kozi yake na NVDA mapema, kabla wiki ya kwanza ya vitendo haijafika.

Kuisakinisha hakuhitaji mwenye macho. Bonyeza Ctrl+Windows+Enter ili Narrator, msomaji anayekuja na Windows, akusaidie kupakua faili. Ukilifungua, muziki mfupi utalia, kisha NVDA yenyewe itaanza kusema hata kabla haijasakinishwa. Weka alama ya kukubali masharti, chagua kusakinisha, na Windows ikiomba ruhusa bonyeza Alt+Y. Kisha linakuja dirisha la makaribisho, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Amri karibu zote huanza na kitufe kinachoitwa kitufe cha NVDA, ambacho kwa kawaida ni Insert. Kompyuta mpakato nyingi Insert yake imebanwa kwenye kona au haipo kabisa. Kwenye dirisha hilo weka alama ya kutumia Caps Lock, kisha chagua mpangilio wa kibodi wa mpakato. Kumbuka tu kwamba mpangilio ukibadilika, baadhi ya amri hubadilika: kusoma mfululizo ni NVDA+mshale wa chini kwenye kibodi kubwa, lakini ni NVDA+A kwenye mpakato. Mwanafunzi aliyefundishwa na rafiki mwenye kompyuta ya mezani huhangaika wiki nzima kwa sababu hiyo tu.

Malalamiko ya kwanza kufika ofisini huwa "imekuwa bubu". Mara nyingi haijaharibika. NVDA+S hubadilisha hali ya usemi, na vidole hupita hapo bila kujua. Bonyeza tena, mara moja au zaidi, mpaka isikike. Anayejifunza aanze na NVDA+1: tangu hapo kila kitufe atakachogusa kitatajwa jina na kazi yake bila kutekelezwa, mpaka abonyeze NVDA+1 tena. Hakuna mwalimu mvumilivu kuliko huyo.

Sasa sauti. NVDA huja na eSpeak NG, programu ndogo ya kugeuza maandishi kuwa sauti, na ndani yake mna sauti ya Kiswahili isiyohitaji intaneti. Bonyeza NVDA+Ctrl+S uchague eSpeak NG, kisha NVDA+Ctrl+V uchague sauti ya Kiswahili. Haina utamu. Ni sauti ya mashine, kavu, na mgeni huichukia siku ya kwanza. Lakini ni nyepesi, inaitika papo hapo, na ukiongeza kasi maneno hayavunjiki, jambo ambalo sauti nyingi tamu hazimudu. Kasoro yake kubwa ni kwamba inasoma Kiingereza kwa kanuni za Kiswahili: "file" inakuwa fi-le, "page" inakuwa pa-ge. Ukigeuza, sauti ya Kiingereza inakichanachana Kiswahili. NVDA inaweza kubadili lugha yenyewe, ila tu pale ukurasa au waraka ulipowekewa alama ya lugha, na waandishi wengi hawaiweki.

Njia inayofanya kazi ni kutengeneza wasifu wa mipangilio kwa NVDA+Ctrl+P: mmoja wenye sauti ya Kiswahili, mwingine wa Kiingereza, kisha kila mmoja ukapewa mkato wake wa vitufe. Mwanafunzi wa sheria anayesoma hukumu ya Kiingereza na kuandika maelezo kwa Kiswahili atabadilisha kwa mguso mmoja.

Jambo la pili, ambalo karibu hakuna anayelifanya, ni kamusi ya matamshi. NVDA inazo za aina tatu: ya jumla, ya sauti husika, na ya muda. Vifupisho vya Kiswahili viweke kwenye ile ya sauti husika ukiwa kwenye sauti ya Kiswahili, ili visivuruge Kiingereza. Weka "taz" isomwe "tazama", "k.m" isomwe "kwa mfano", "n.k" isomwe "na kadhalika". Hapa pana mitego miwili. Ukichagua kibadilishwe popote kinapoonekana, halafu ukaweka "sh" isomwe "shilingi", basi shule itasomwa "shilingiule" na shamba litakuwa "shilingiamba". Chagua neno zima. Ukichagua neno zima, andika "n.k" bila nukta ya mwisho, kwa kuwa nukta inayofuatwa na nafasi huenda isihesabiwe kuwa mwisho wa neno na kifupisho kitapita bila kuguswa. Dakika kumi za kazi hii huondoa kero ya muhula mzima, na kitengo kikishaiandaa kamusi moja hakuna sababu ya kila mwanafunzi kuianza upya.

Mwenye uoni hafifu, au mwenye shida ya kusoma ambaye anaona vizuri, hahitaji NVDA nzima. Afungue waraka kwenye kivinjari cha Microsoft Edge, abonyeze Ctrl+Shift+U, achague Rehema au Daudi, sauti za Kiswahili cha Tanzania, au Zuri na Rafiki za Kenya. Hizo zinasikika kama watu. Zinataka intaneti na hazitamwambia vitufe viko wapi, lakini kwa kusoma sura ya kitabu ni raha.

Tuje kwenye vitini, maana hapa ndipo huduma nyingi zinapofia. Mhadhiri anatoa kitabu, steshenari wanatoa nakala, mtu anaipiga picha kwa simu, inakuwa PDF, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kwa anayeona hicho ni kitini. Kwa NVDA ni picha. Itasema waraka ni mtupu na kunyamaza. Programu haina kosa hapo, haina herufi za kusoma.

Kwa ukurasa mmoja au miwili, NVDA+R inatosha. Amri hiyo hutumia kitambua-maandishi cha Windows. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, kwa hiyo hata kikiwekwa Kiingereza kinaziokota herufi vizuri. Ila kinasoma kile tu kilicho kwenye skrini wakati huo, hivyo panua dirisha, onyesha ukurasa mzima, soma, bonyeza Esc, nenda ukurasa unaofuata. Kwa kitini cha kurasa 40 hiyo ni adhabu. Hapo ndipo skana ya kitengo inapoingia: nukta 300 kwa inchi, karatasi imelala sawa bila kupinda, kitabu kimebanwa ili mgongo usiweke kivuli. Kisha pitisha kwenye Tesseract, programu ya bure ya kutambua maandishi yaliyo kwenye picha, yenye faili la lugha ya Kiswahili liitwalo "swa". Mistari iliyopigwa kwa kalamu chini ya maneno, mihuri, na nakala ya nakala ya nakala ndivyo vinavyoleta takataka kwenye matokeo. Kurasa zenye safu mbili zikaguliwe kwa macho, kwani mistari ya safu hizo hupenda kuunganishwa, ukapata sentensi inayoanza na kilimo na kuishia na Katiba. Anayekagua awe mtu anayelifahamu somo. Kumpa kazi hiyo yeyote aliyekaa bure ni kumpa mwanafunzi makosa yaliyochapwa vizuri.

Kuhusu haki miliki, ambayo hutajwa kila mara kama sababu ya kutofanya kitu: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unahusu hasa utengenezaji wa nakala zinazosomeka kwa wasioona bila kumwomba ruhusa mwenye haki. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020. Maktaba iulize mwanasheria wa chuo utaratibu wa nyumbani ukoje, kisha iendelee na kazi.

Kitini kilichoandikwa kwa Word nacho kina ugonjwa wake. Mhadhiri anakoleza wino na kukuza herufi akidhani ametengeneza kichwa cha habari. NVDA haioni kichwa. Inaona maandishi mazito. Kwenye waraka uliopangwa vizuri, NVDA+F7 huleta orodha ya vichwa vyote na mwanafunzi anaruka moja kwa moja hadi sura ya nne. Kwenye huu wa wino mzito atashuka mstari kwa mstari. Dawa ni Ctrl+Alt+1 kwa kichwa kikuu na Ctrl+Alt+2 kwa kichwa kidogo, basi. Na kikigeuzwa PDF, kihifadhiwe kama PDF kutoka Word kwenyewe. Ukitumia njia ya kuchapisha hadi PDF, vichwa vyote hupotea. Mhadhiri asiyeamini aonyeshwe kwenye menyu ya zana dirisha linaloandika kila neno NVDA inalosema. Akikaa dakika tatu akisoma kile mwanafunzi wake anachosikia, mara nyingi hahitaji semina.

Kwenye maabara ya kompyuta, NVDA hubebwa kwenye flashi. Menyu ya zana ina chaguo la kutengeneza nakala ya kubebeka, na mipangilio, wasifu na kamusi vinakwenda nayo. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kuanza yenyewe kwenye skrini ya kuingia, na dirisha la Windows la kuomba ruhusa ya msimamizi likitokea inanyamaza. Suluhisho la kudumu ni fundi wa chuo kuisakinisha kwenye mashine zote. Tangu hapo Ctrl+Alt+N inaiwasha. Mwambie pia akague matundu ya spika za masikioni. Yale ya mbele ya kompyuta za mezani mara nyingi hayajaunganishwa ndani, na programu nzuri isiyo na pa kutokea sauti haina maana. Kwa usiri, NVDA+Ctrl+Esc hufunika skrini ikawa nyeusi huku kazi ikiendelea. Majirani wa maabara wana macho marefu.

Moodle, ambayo vyuo vingi hutumia kwa kozi na majaribio, inasomeka vizuri, lakini ina kituko kimoja kinachowatoa watu jasho. Kwenye ukurasa wa wavuti NVDA huwa kwenye mkao wa kusoma, ambapo herufi ni amri. Mwanafunzi anaanza kuandika insha, anachapa "historia": H inampeleka kwenye kichwa, I kwenye kipengele cha orodha, S kwenye mstari wa kutenganisha, T kwenye jedwali, O kwenye video, R kwenye kitufe cha kuchagua jibu. Insha haipo, na hajui yuko wapi. Kabla ya kuandika, bonyeza NVDA+nafasi na usikilize mlio. Mkao wa kuandika una mlio wake na wa kusoma una wake. Masikio yakishaitofautisha milio hiyo, kosa hili halirudi.

Muda wa ziada wa mtihani usiachwe kwa huruma ya msimamizi wa chumba. Ndani ya jaribio la Moodle mhadhiri anaweza kumwekea mwanafunzi mmoja muda wake: jaribio la dakika 120 lenye nyongeza ya robo likawa 150 kwake tu. Asisahau kusogeza na saa ya kufungwa kwa jaribio, kwa sababu likifungwa saa sita kamili kwa wote, zile dakika 30 zitakuwa za karatasi tu. Na kama chuo kinatumia programu inayoifunga kompyuta wakati wa mtihani, ijaribiwe na NVDA ikiwa wazi wiki moja kabla, kwenye mashine ileile na kwa akaunti ileile. Baadhi ya programu hizo humchukulia msomaji wa skrini kama mvamizi na kumzima. Andaeni faili la Word la maswali yaleyale kwenye flashi, na mtu wa Tehama awe ndani ya chumba tangu dakika ya kwanza, si kwenye simu.