Kiolezo cha majedwali na cha CSS: uzoefu wangu baada ya kuvitumia vyote viwili

Huwa natengeneza tovuti kwa violezo vya kununua, yaani miundo ya kurasa iliyokwisha kuandaliwa. Kwa tovuti ya shule moja nilijaribu viwili: cha zamani kilichopangwa kwa majedwali ya HTML (lugha inayobeba habari za ukurasa), na kingine cha CSS Grid, sehemu ya CSS (lugha ya sura ya ukurasa) inayogawa ukurasa kwa safu na mistari. Nimebaki na cha Grid, na kwa mpangilio wa ukurasa sitarudi kwenye majedwali.

Kwenye kompyuta, cha majedwali kinapendeza kweli. Safu zote tatu zina urefu sawa na maandishi yanakaa katikati ya seli bila kuhangaika. Waliojenga tovuti hivyo miaka ya 1990 walikuwa na sababu. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ilipitisha CSS ya kwanza Desemba 1996, lakini vivinjari vya wakati ule viliifuata kwa kusuasua, hivyo watu wakapanga kurasa kwa majedwali na kuacha nafasi kwa vipicha visivyoonekana vya pikseli moja. Hata zama za float, mbinu ya CSS ya kusogeza kitu kando, safu za urefu sawa zilitaka ujanja. Grid iliingia Chrome, Firefox na Safari Machi 2017.

Kasoro ilijitokeza kwenye simu, na wazazi wengi wa shule hii wanafungua tovuti kwa simu. Safu tatu za jedwali hazishuki zenyewe: ama maneno yanabanwa, ama msomaji anavuta ukurasa kushoto na kulia. Niliongeza kanuni ya CSS ya display: block, inayofanya kila seli ichukue mstari wake, kwenye skrini nyembamba. Seli zikapangana moja chini ya nyingine, lakini menyu ndefu ya kushoto ikatangulia, yakafuata matangazo, ndipo habari yenyewe, kwa sababu ndivyo zinavyofuatana ndani ya HTML. Mzazi anayetafuta tarehe ya kufungua shule alazimike kupita viungo vyote hivyo? Programu zinazowasomea wasioona nazo hufuata mfuatano huohuo.

Kwenye kiolezo cha Grid, habari imeandikwa mwanzo na menyu baadaye, kisha grid-template-areas, kanuni ya CSS inayochora ramani ya ukurasa, inaamua nani akae wapi. Mwalimu mkuu alipotaka menyu ihamie kulia, nilibadili mistari michache ya faili moja la CSS, kurasa zote zikafuata. Kwa majedwali ningefungua faili za kiolezo moja baada ya nyingine, nihamishe td (tagi, yaani alama ya HTML, ya seli) pamoja na majedwali yaliyomo ndani yake, kisha nirekebishe colspan (idadi ya safu ambazo seli inachukua). Rangi nazo zimefungwa ndani ya tagi kwa bgcolor (sifa ya rangi ya usuli), ambayo HTML5 imeshaiondoa. Uhuru huu wa kugusa sura bila kugusa habari ndio ninaoulipia, na unastahili kila shilingi.

Ratiba ya vipindi nimeiacha kwenye jedwali, lenye th (seli za vichwa) za siku na saa, maana hiyo ni data. Jarida la barua pepe pia ni la majedwali: Outlook ya Windows, kuanzia toleo la 2007, ilitegemea injini ya Word kuonyesha barua, nayo haielewi Grid wala Flexbox (mbinu nyingine ya CSS ya kupanga vitu), na bado wapo wanaoitumia.

Ukitaka kununua kiolezo, fungua ukurasa wake wa mfano, tazama msimbo wake, utafute <table>. Ukiikuta imezunguka ukurasa mzima, weka pesa yako mfukoni.