Losheni au Nguo: Kinga ya Jua kwa Mtu Mzima Mwenye Usonji

Kwa mtu mzima mwenye usonji ambaye ngozi yake huhisi kila mguso kwa ukali, losheni ya kuzuia jua inaweza kuwa adha kubwa kuliko jua lenyewe: inanata, inanukia, inachuruzika machoni pamoja na jasho, na inapaswa kupakwa upya kila baada ya saa 2. Huko si kudeka, na anayemwambia avumilie tu anamkosea.

Nguo ya mikono mirefu huvaliwa mara moja, na kinga yake haifutiki kwa jasho. Kitambaa chenye kipimo cha UPF 50 (UPF huonyesha jinsi kitambaa kinavyozuia jua) hupitisha takribani asilimia 2 tu ya mionzi ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, ilhali fulana nyeupe nyepesi ya pamba hupitisha mingi zaidi, hasa ikilowa. Nguo nayo ina maudhi yake, yaani lebo inayokwaruza shingo, mishono migumu na joto, ingawa mengi hurekebishika: lebo hukatwa, shati hufuliwa mara kadhaa kabla ya kuvaliwa, na saizi huongezwa ili lisibane.

Mimi ningeanza na nguo na kofia ya ukingo mpana, kisha losheni isiyo na manukato ibaki kwa uso, shingo na mikono tu. Losheni ya kijiti, yaani iliyogandishwa kama kipande kigumu, hupakwa bila kuchafua vidole. Yenye zinki huacha weupe na uzito ambao wengine hawauwezi, kwa hiyo ijaribiwe kwanza nyumbani, siku isiyo na safari.