Ushauri wa Kupanga Mazao kwa Maji ya Mfereji: Tathmini ya Mkulima wa Kasese

Msimu uliopita nililipia huduma ya ushauri wa kupanga mazao kwa ajili ya shamba langu la Kasese, linalopata maji ya mfereji kwa zamu, nayo imenifaa kuliko nilivyotarajia. Mshauri hakuanza na bei za sokoni. Alichota udongo, akaufinyanga kiganjani, kisha akauliza zamu yetu huja baada ya siku ngapi. Alieleza kwamba mahindi huhitaji milimita 500 hadi 800 za maji kwa msimu (yaani kina cha maji yakitandazwa shamba zima), ilhali maharage hutosheka na 300 hadi 500, na kwamba mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele na ndevu, hasara hiyo haifidiwi na maji ya baadaye. Basi tulipunguza mahindi, tukaongeza maharage. Vitunguu, ambavyo mizizi yake ni mifupi na hutaka maji mara kwa mara, tulivipanda karibu na mlango wa maji.

Kasoro ni moja, nayo ni kubwa: ratiba iliandikwa kwa Kiingereza pekee, hata ikanilazimu kumfasiria jirani yangu mstari kwa mstari tukiwa tumesimama kwenye tuta. Nitalipia tena, mradi waje kabla sijanunua mbegu.