Gari la kifahari lililokwisha tembea laki mbili: lipi ununue, lipi ulipungie mkono

Ukikaa Dar es Salaam na watu wakajua unaelewaelewa magari, simu yako haikosi picha hii: Range Rover Sport nyeusi, rimu zinang'aa, viti vya ngozi rangi ya maziwa, na chini yake ujumbe, "Kaka, bei ya mwisho ndiyo hii. Nichukue?" Bei yenyewe haiko mbali na ya Harrier ya kawaida. Wiki iliyopita aliyeniuliza ni rafiki yangu wa karibu, kwa hiyo nikaona niandike jibu refu mara moja, yaishe.

Swali la kwanza ninalomuuliza kila mtu: ukishalipa, utabakiwa na shilingi ngapi? Gari lililonunuliwa jipya kwa bei ya nyumba linaweza kushuka hadi bei ya kiwanja, ila spea zake hazikushuka nalo. Kompresa ya hewa, giaboksi, taa ya mbele, vyote bado vina bei ya yule tajiri wa kwanza. Mimi hutenga robo ya bei ya gari pembeni kabla sijasaini chochote. Kwa gari la milioni 40, hiyo ni milioni 10 iliyokaa benki inasubiri balaa. Kama huna, teremka daraja moja.

Nimejifunza kwa machungu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua gari la Ulaya, chapa nitaihifadhi, lenye shokapu za hewa. Mwezi wa tatu nikatoka asubuhi nikalikuta limepiga magoti mbele kama ngamia. Jirani akachungulia juu ya ukuta: "Jirani, gari lako linaswali?" Liliswali wiki tatu, nikisubiri kifaa kije kwa ndege.

Kilomita zenyewe zinanitisha kidogo kuliko watu wengi. Prado ya mradi iliyokula 280,000 kwenye lami ya Dodoma na Singida, oili ikibadilishwa kila 5,000 na faili la sevisi likiwepo, naichukua kabla ya ile yenye 95,000 isiyo na karatasi hata moja. Namba ya dashibodi inarudishwa nyuma na kijana mwenye kompyuta mpakato kabla chai haijapoa. Kinachoniuma ni namba ya uongo, maana aliyedanganya kilomita amedanganya na oili.

Uongo huo una mahali pa kuukamatia. Gari lililotoka Japani lina cheti cha kusafirishia nje, na humo huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Omba nakala. Kisha fungua boneti utafute stika ndogo yenye maandishi ya Kijapani. Mafundi wa kule wakibadilisha mkanda wa taimingi (ule wa ndani ya injini unaobadilishwa kwa kuhesabu kilomita) hubandika stika yenye tarehe na kilomita. Ipige picha, simu itakutafsiria. Mwaka ukiandikwa kwa Heisei, kalenda ya kifalme ya Japani, ongeza 1988: Heisei 24 ni 2012. Niliwahi kukuta stika inasema 118,000 kwenye gari ambalo dashibodi yake ilisoma 84,000. Dalali alikuwa bado anasimulia jinsi mwenye gari alivyo mama mtu mzima anayeendea kanisani tu.

Lililotoka Uingereza ni rahisi zaidi. Ukipata namba yake ya kule, historia ya ukaguzi wa MOT iko mtandaoni bure, na kilomita (kule ni maili, zidisha kwa 1.6) za kila mwaka zimo.

Haya, mpangilio wangu. Kipimo changu hakina uhusiano na umaridadi: gari likilala njiani Jumapili ya Makambako, litasimama tena lini?

Namba moja ni Prado ya petroli ya lita 2.7, iwe toleo la 120 (2002 hadi 2009) au ya 150 iliyoifuata. Wapo watakaobisha kwamba Prado si gari la kifahari. Sawa, wabishe wakiwa wamesimama pembeni ya barabara na la kwao. Injini hii, 2TR-FE, inatumia cheni, hivyo huna mkanda wa kuhesabia. Tatizo lake ni uvivu. Ukipanda Kitonga na familia pamoja na gunia la vitunguu, malori yatakuona mwenzao. Lakini spea ziko Kariakoo, ziko Mbeya, ziko Mpanda, na fundi wa chini ya mwembe anaifahamu kwa kuisikiliza.

Prado ya dizeli ya 3.0 (1KD) nayo naipenda, ila hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi huumia. Chini ya nozeli kuna sili za shaba. Zikichoka, moshi wa moto hupenyea kwenye oili na kuigeuza masizi mazito kama lami. Masizi yale huziba chujio linalonyonya oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), presha inaanguka, na injini inakufa huku geji ya joto ikiwa imetulia kabisa. Kwa hiyo ukiitaka, fundi ateremshe sampu kabla hujalipa, aangalie kile chujio. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu. Ukishainunua, badilisha sili na oili bila kungoja dalili. Ile mpya ya 2.8, iliyoanza 2015, hii shida haina, lakini ina chujio la moshi linalochukia safari fupi za foleni. Ukiwa mtu wa Mbezi kwenda Posta tu, litakusumbua.

Namba mbili ni shangingi lenyewe, Land Cruiser 100 (1998 hadi 2007). Ya petroli V8 ya 4.7 na ya dizeli ya 4.2 zote zina mkanda wa taimingi. Ya dizeli huwasha taa ya T-BELT kwenye dashibodi mkanda ukifika muda wa kubadilishwa, na taa hiyo huzimwa kirahisi sana bila mkanda kuguswa, kwa hiyo usiiamini. Ya petroli kwenye foleni hukupa kama kilomita 5 kwa lita. Ukiweza kuilisha, itakuzika. Zenye mfumo wa kupandisha na kushusha kwa mafuta, zikiwa zinarusha kama mkokoteni, jua matufe ya gesi yamekwisha, punguza bei kwa kadiri hiyo.

Namba tatu, Lexus RX 350 au ndugu yake Harrier 350G, ule mwili ambao sisi tunauita Tako la Nyani. Ni laini, kimya, cheni. Usiipeleke kwenye tope ukitegemea miujiza. Angalia kitu kimoja: V6 hii ya 3.5 ya miaka ya mwanzo ina bomba la oili la VVT-i (mfumo unaorekebisha valvu) lenye kipande cha raba. Raba ikipasuka, oili inamwagika yote ndani ya dakika chache. Bomba la chuma tupu ndilo dawa, na si ghali. Mjini Dar, kwa mtu asiyetoka nje ya lami, ningeiweka hata juu ya shangingi.

Kuanzia namba nne tunaingia Ulaya, na masharti yanaanza. BMW X5 ya toleo la E70 (2006 hadi 2013) naikubali ikiwa na petroli ya silinda sita isiyo na tabo, ile ya 3.0. Pampu yake ya maji inaendeshwa kwa umeme na hufa bila kuaga, basi ibadilishe hata kama inafanya kazi. Zenye V8, hasa zile zilizofungwa tabo mbili katikati ya injini, waachie wenye visima vya oili.

Mercedes ML ya toleo la W164, namba tano. Kwenye ML 350 ya kabla ya 2007 hivi, gia ya balansi shafti (mhimili unaotuliza mtikisiko wa injini) huliwa meno, na kuitengeneza ni kushusha injini nzima. Ukipata ya baadaye yenye karatasi, ni gari tamu.

Volkswagen Touareg na Porsche Cayenne za mwanzo: kagua beringi ya katikati ya propela, na kwenye Cayenne V8 mabomba ya maji ya plastiki yaliyofichwa chini ya manifodi. Sina zaidi.

Na mwisho kabisa, ile ya picha. Range Rover Sport na Discovery za 3 na 4 ni magari ninayoyatamani kila siku, na ninayoyaogopa. Dizeli zake za V6 zinajulikana kwa kukatika krenkishafti. Kazi nyingi, kama ya tabo, mafundi huinua bodi nzima kuitenga na chasisi ili mkono ufike. Petroli ya V8 ya 5.0 inakula plastiki zinazoongoza cheni. Ukisikia inakwaruza asubuhi, hiyo ndiyo. Shokapu ni za hewa. Ikiwa roho haitulii, tafuta ya petroli ya 4.4 ya miaka ya mwanzo, ndiyo iliyotulia kuliko dada zake.

Wasomaji wa Kenya, gari lililozidi miaka 8 haliingii kwenu, hivyo mengi ya haya mtayapata yakiwa yamekwisha tumika humohumo. Kagueni vilevile.

Namna ya kukagua ni moja: fika alfajiri bila kupiga simu mara mbili. Gusa boneti, iwe baridi, maana injini iliyopashwa kabla hujafika huficha kelele zake za asubuhi. Weka ufunguo ON bila kuwasha; taa ya injini lazima iwake kisha izimike baada ya injini kuwaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameificha. Kwenye gari la shokapu za hewa, pima kwa vidole nafasi kati ya tairi na bodi pande zote nne kabla halijawashwa, maana kwapani ndipo linaposema lililala vipi usiku. Likiwaka, weka D, kisha R, kisha D, mguu ukiwa kwenye breki. Likisita halafu likupige teke, giaboksi inaomba hela. Tazama raba ya pedali na ngozi ya usukani: gari la 80,000 halina pedali iliyolika hadi chuma.

Rafiki yangu alifika Jumamosi saa kumi na mbili na nusu, akamkuta muuzaji yuko macho, amevaa, anafuta vioo. Saa moja kasoro akanitumia ujumbe wa maneno matatu: "Boneti ya moto." Nikamwambia kuna Prado ya mradi Dodoma, 2.7, kilomita 241,000, faili lake ni nene kama daftari la duka. Ameondoka na basi la leo asubuhi.